Mama hana kisukari ila hospitali wanamchoma insulini nyingi baada ya kuzidisha dawa za presha, hii imekaaje?

Mtoto wa Kimanga

Wakuu habari za usiku huu. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ICU kwa hiyo mtanisamehe nikichanganya mambo, kichwa hakijatulia kabisa.

Mama yangu ni mtu wa miaka sabini na ushee, presha anayo muda mrefu, dawa zake ni amlodipine na atenolol. Siku hizi kumbukumbu inamtupa mkono, anaweza akamaliza chai akakuuliza chai yangu mbona hamniletei. Sasa leo ndo tumegundua alikuwa anameza dawa, anasahau kama kameza, anameza tena, maana stripu ambazo zilitoka duka la dawa juzijuzi tu tumezikuta maganda matupu chini ya mto. Mchana alisema kizunguzungu, akatapika, dada akadhani malaria au chakula, kufika jioni anaongea kwa kukokota maneno, miguu ya baridi, ukimshika mkono mapigo yako mbalimbali mpaka unaogopa kama lingine litakuja.

Tukampakia kwenye bajaji ya jirani, foleni ya barabara ya Tabata saa kumi na mbili jioni mnaijua sina haja ya kuelezea. Hospitali sitaitaja, ila kwa kweli walimpokea haraka. Presha 70 kwa 40, mapigo 40. Wakamuwekea oksijeni, wakambandika zile waya za ECG za kupima umeme wa moyo, dripu mikono yote miwili, wakamchoma atropini ya kupandisha mapigo, halafu kalsiamu wakawa wanaisukuma polepole kwenye mshipa. Mpaka hapo nilikuwa naelewa elewa.

Kilichonivuruga ni hiki. Walimpima sukari ikasoma 16, na mama hajawahi kuwa na kisukari maisha yake yote, kliniki anapimwa kila mara. Baadae dokta akatoka na karatasi nikachukue insulini na dextrose 50% (maji ya sukari kali) chupa kadhaa. Nikaleta. Nikamsikia kwa masikio yangu anamwambia nesi "yuniti 60 kwa mkupuo, halafu 60 kila saa". Wakuu, jirani yetu ana kisukari cha miaka, anachoma yuniti 12 asubuhi na bado kuna siku anaanguka sukari imeshuka!! Nikamuuliza dokta akasema "inausaidia moyo mama, usiogope", akarudi ndani maana kulikuwa na mgonjwa mwingine.

Kaka yuko Mwanza anapiga simu kila dakika tano, anasema wamekosea wanatibu kisukari ambacho hakipo, tumtoe usiku huu huu tumhamishie kwingine. Mimi sijui nishike lipi. Kuna mtu anayejua mambo haya? Insulini na sumu ya dawa ya presha vinahusiana vipi?

Kamanda wa Mbagala

Pole sana mkuu. Mi sio daktari ila hapo kaka yako ana hoja. Insulini kwa mtu asie na kisukari ni hatari, sukari ikishuka mtu anaingia koma na ndo imetoka hiyo. Yuniti 60 kwa bibi wa miaka sabini?? Simama nao hapo hapo waeleze kwa maandishi, hospitali zetu hizi usipopiga kelele unaletewa mtu kwenye shuka. Mhamisheni.

Nesi wa Zamu

Kamanda na heshima zako zote, hapo ungemuacha mwenzio, utamfanya mtu amtoe mama yake kwenye dripu zinazomuweka hai.

Mtoto wa Kimanga pole mdogo wangu. Mimi nimefanya kazi chumba cha dharura miaka mingi na hiyo dozi mara ya kwanza nilipoisikia hata mimi nilimwomba dokta arudie, sio wewe tu. Lakini hawajakosea. Hiyo ni tiba inayojulikana ya sumu ya dawa za presha za kundi hilo, inaitwa insulini ya dozi kubwa, na hesabu yenyewe ni yuniti 1 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa mkupuo, halafu yuniti 1 kwa kilo kila saa, na kama moyo haujaitika wanapandisha, inaweza kufika hata 10 kwa kilo kwa saa. Mama ana kama kilo 60? Basi ndo hiyo 60 uliyoisikia. Mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa tunampa kama 0.1 kwa kilo kwa saa, yaani mama anapata mara kumi yake. Kwa hiyo mshtuko wako ni halali kabisa.

Sasa kwa nini. Amlodipine kazi yake ni kuziba njia ambazo kalsiamu inapita kuingia kwenye misuli ya mishipa ya damu na ya moyo. Kalsiamu ndo inafanya msuli ukaze. Ukimeza kiasi chako mishipa inalegea kidogo presha inashuka, ndo tunachotaka. Ukizidisha mishipa inalegea yote, presha inaporomoka, na moyo wenyewe unakosa nguvu ya kusukuma. Ongeza na atenolol ambayo yenyewe inapunguza mapigo na nguvu ya moyo kwa njia nyingine, basi mama kapigwa pande mbili. Ndo maana mapigo 40 na presha 70.

Halafu kongosho nalo linatumia njia zile zile za kalsiamu kutoa insulini. Zikizibwa, insulini haitoki. Hapo ndo sukari ikapanda mpaka 16 kwa mtu ambaye hana kisukari, na hiyo 16 yenyewe ilikuwa inamwambia dokta kuwa sumu ni kali, maana atenolol ingekuwa peke yake mara nyingi sukari ingekuwa kawaida au chini. Moyo siku za kawaida unatumia zaidi mafuta kupata nguvu, ila ukiwa kwenye shida kama hiyo unataka sukari. Sukari ipo tele kwenye damu, insulini ya kuiingiza haipo. Ni kama mtu kafungwa mikono, anakufa njaa mbele ya sinia la pilau. Insulini wanayompa inaifungua ile mikono, moyo unaanza kula na kusukuma. Ukiangalia monita utaona presha inapanda hata kama mapigo hayajabadilika sana.

Ila haifanyi kazi papo hapo, inachukua robo saa mpaka saa nzima. Kwa hiyo wakati wanaisubiri wanamshikilia kwa vitu vingine, hiyo kalsiamu, atropini, maji kwa kiasi (sio mengi, mapafu yatajaa), na dripu za kukaza mishipa kama noradrenalini au adrenalini. Atropini kwa sumu hii mara nyingi haileti mabadiliko makubwa, wanajaribu kwa sababu ni rahisi na iko karibu.

Hatari ya insulini Kamanda kaisema sawa, sukari kushuka. Lakini ndo kazi ya ile dextrose uliyonunua. Anawekewa sukari mfululizo, na wanamtoboa kidole kila baada ya dakika 15 mpaka 30 mwanzoni, ikitulia inakuwa kila saa. Hiyo ndo ya kuangalia. Pia potasiamu, madini ya kwenye damu, insulini inaisukuma iingie ndani ya seli ikapungua kwenye damu, kwa hiyo watachukua damu mara kwa mara, usione wanamnyonya ukadhani wanauza (najua mnavyofikiriaga).

Ukitaka kuuliza kitu cha maana usiulize "mnampa insulini ya nini". Uliza kwa upole "sukari yake ya mwisho ilisoma ngapi na saa ngapi?" Nesi akikujibu bila kutafuta karatasi jua mama yuko mikono salama. Ikitokea akakwambia haijapimwa muda mrefu, hapo ongea, na mwite dokta.

Kumhamisha usiku huu hapana. Mtu mwenye presha 70 na dripu nne, gari kwenye foleni, nani anampima sukari njiani? Kama wao wenyewe wakisema wamefika mwisho na anahitaji mashine ya kuuendesha moyo kwa umeme, hapo watawasiliana na wenzao wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Upanga au Muhimbili, daktari kwa daktari, na ataondoka na mtu wa kumsindikiza. Sio nyinyi mumbebe.

Kamanda wa Mbagala

Sawa nesi umeongea kitaalamu, ila dokta alishindwaje kumwambia kijana hayo maneno kwa dakika mbili? Mtu yuko benchi roho mkononi. Hapo sirudi nyuma.

Mama Nasri

Poleni jamani, nimeumia. Mi nauliza, mbona hawakumuosha tumbo? Zamani mtu akinywa kitu kibaya kwanza anapewa maziwa au maji ya chumvi atapike ndo mnaenda hospitali. Na nimesikia wanatoa mkaa, sasa si hata nyumbani mkaa upo?

Famasia ya Mtaa

Mama Nasri shikamoo. Naomba nikujibu hapo maana hili swali napata dukani kila siku.

Kutapisha acha kabisa. Dawa za moyo zinashusha presha ghafla, mtu anaweza kuwa anaongea na wewe sasa hivi, dakika kumi mbele kapoteza fahamu, matapishi yanaingia kwenye mapafu, sasa una matatizo mawili. Maji ya chumvi mengi nayo yenyewe ni sumu, mtoto mdogo anaweza kufa kwa chumvi kabla ya dawa. Maziwa hayaondoi chochote hapo.

Mkaa wa hospitali ni unga uliotengenezwa maalumu, umetobolewa vitundu vidogo vidogo visivyoonekana mpaka unaweza kushika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Mtu mzima anapewa kama gramu 50 umechanganywa na maji. Mkaa wa jiko uliosagwa hauna hiyo nguvu, na una majivu na uchafu. Na hata huo wa hospitali una masharti, unafaa zaidi ndani ya saa moja hivi baada ya kumeza, na mgonjwa awe macho ana uwezo wa kumeza mwenyewe. Mama wa huyu ndugu alimeza kidogo kidogo siku nzima na kafika anakokota maneno, ndo maana naamini waliuacha. Kuosha tumbo kwa mpira siku hizi ni mara chache sana.

Kuna kitu kimoja cha kuwa nacho makini, vidonge vile vinavyotoa dawa polepole, kwenye pakiti utakuta herufi SR, XL au retard baada ya jina, mfano nifedipine za hivyo. Hivyo mtu anaweza kukaa masaa kibao yuko sawa kabisa anacheka, mkasema ah kumbe salama, usiku wa manane anaporomoka. Kwa hivyo wanaweza kumsafisha utumbo mzima kwa maji ya dawa maalumu yapite mpaka chini. Kwa hiyo ukijua tu kuwa kuna dozi imezidi, safari, usisubiri dalili. Kwa mtoto mdogo ndo usiseme, kidonge kimoja au viwili vya mtu mzima kwenye kundi hili ni dharura hata kama anarukaruka.

Na beba maganda yote. Yote, hata ya dawa unayodhani haihusiki. Mtoto wa Kimanga naamini ulibeba.

Jobu wa Upanga

Hapo kwenye maganda naunga mkono kwa mguu na mkono, ngoja niseme la baba mdogo.

Yeye alikuwa anatumia digoxin, ile ya moyo kushindwa kusukuma na mapigo yasiyo na mpangilio. Hakuzidisha hata kidonge. Alipata kifua, akaandikiwa clarithromycin mahali ambapo hawakumuuliza anatumia dawa gani nyingine, na figo zake zilishaanza kuchoka. Siku chache mbele hataki kula, kichefuchefu, akawa analalamika taa za sebuleni mbona za njano mmebadilisha balbu. Tukamcheka jamani. Kumbe kuona njano ni dalili ya digoxin kujaa mwilini, na hiyo antibiotiki inafanya digoxin ibaki kwenye damu kuliko kawaida.

Tulipofika na lile boksi lake dokta wa zamu alilisoma akabadilika sura, akaagiza ECG na potasiamu hapo hapo. Kwa digoxin tiba ni nyingine kabisa, hamna hiyo insulini ya dozi kubwa ya kuuamsha moyo. Walisimamisha dawa, wakamuweka kwenye monita, atropini kwa ajili ya mapigo kushuka, potasiamu wakawa wanaifuatilia maana ikipanda au ikishuka vyote vinaua. Hata kalsiamu dokta alisema kwenye digoxin wengi wanaisogelea kwa tahadhari, kulikuwa na imani ya zamani kwamba inaufanya moyo ugande, siku hizi inaonekana hofu ilizidishwa, ila hawaikimbilii.

Digoxin ina dawa yake maalumu ya kuifunga, ni kingamwili zinazotengenezwa kwa kutumia kondoo, zinaikamata digoxin kwenye damu inatoka kwa mkojo. Bei yake ni ya kutisha hata kwa wazungu na pale tulipokuwa haikuwepo. Bahati yake figo zilikuwa hazijafa kabisa, zikaitoa taratibu, mtu mwenye figo nzima nusu yake inatoka kwa siku moja na nusu hivi, yeye ilichukua zaidi. Yuko hai anabishana na Yanga mpaka leo.

Ninachosema ni kwamba angefika bila boksi, wangeona mapigo yako chini na presha iko chini, wangeanzia wapi? Dawa zote hizi zinamfanya mgonjwa aonekane karibu sawa na tiba hazifanani.

Mtoto wa Kimanga

Wakuu asanteni sana, Mungu awape. Nimemsomea kaka ujumbe wa nesi kwenye simu neno kwa neno, kapoa kidogo.

Nimeuliza ile ya sukari ilisoma ngapi. Nesi kanijibu hapo hapo, akanionyesha na karatasi, wanaandika kila baada ya dakika 30. Kuna saa ilishuka mpaka 4.8 wakasukuma dextrose ya 50% ikapanda. Vidole vya mama vyote vina matundu maskini. Presha sasa 95 kwa 55, mapigo 52. Wamemuwekea mpira kwenye mshipa wa shingo, dokta kasema sukari kali haifai kupita mshipa mdogo wa mkono muda mrefu na hiyo noradrenalini pia. Kafungua macho akauliza nani anapika nyumbani.

Maganda ndiyo nilibeba, dada aliyafunga kwenye kanga. Nauliza mambo mawili, hii itachukua muda gani? Na dokta mwingine wa zamu mpya katamka glukagoni halafu akasema tusihangaike nayo, ni nini na kwa nini tusiitafute?

Nesi wa Zamu

95 umenipa usingizi. Kuuliza nani anapika maana yake ubongo unapata damu, andika hiyo.

Muda, usimwambie kaka kesho anatoka. Amlodipine inakaa mwilini sana, nusu yake tu inachukua masaa 30 mpaka 50 kutoka, na kwa mzee zaidi. Inatolewa na ini. Atenolol inatolewa na figo, kwa hiyo utaona wanapima mkojo kwa chupa na kuulizia figo kila saa, presha ikishuka hivyo figo nazo zinaumia halafu atenolol inakosa pa kutokea. Zikigoma kabisa mashine ya kusafisha damu inaweza kuvuta atenolol, ila amlodipine haivutiki na mashine, imejishikiza kwenye protini za damu. Watapunguza kwanza dripu za kukaza mishipa, insulini nayo polepole, na HATA wakishaizima sukari inaweza kuendelea kushuka mpaka siku nzima kwa sababu insulini nyingi imejikusanya mwilini. Watu wengi wanalegea hapo wakidhani vita imeisha. Wewe endelea na swali lako lile lile.

Glukagoni ni homoni, inaupa moyo nguvu kwa kuzunguka pale atenolol ilipoziba. Inasaidia hasa kwa kundi la atenolol. Shida ni kwamba kipimo chake kwa sumu ni miligramu 5 mpaka 10 kwa mkupuo halafu mfululizo kila saa, na kichupa kimoja cha kawaida kina miligramu 1, kwa hiyo ungezunguka maduka yote ya Kariakoo na Posta na usingepata za kutosha kufika hata asubuhi, na inatapisha. Presha imeshaitika kwa insulini, dokta yuko sahihi tusihangaike. Kuna na dripu ya mafuta, ile nyeupe kama maziwa, wanaiweka akiba kwa mgonjwa aliyegoma kila kitu, na nchi za wenzetu kuna mashine inayochukua kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Hamjafika huko.

Ukiruhusiwa kuingia kumwona usimpe chochote mdomoni, hata uji, hata maji ya kulainisha mdomo mpaka nesi aseme. Najua dada yako yuko njiani na chupa ya uji wa ulezi, mpigie sasa hivi.

Famasia ya Mtaa

Akitoka, dawa zisikae kwake tena. Sio kumficha, mtu mmoja tu wa nyumbani ndo anatoa asubuhi na anaweka alama kwenye kalenda, na dukani mwambie muuzaji akupe za wiki moja moja badala ya miezi miwili. Na msirudishe atenolol na amlodipine wenyewe kwa vile presha imepanda 150, hiyo waseme wao kliniki.

Mtoto wa Kimanga

Dada kweli alikuwa na uji, yuko getini, nimemwambia aunywe yeye. Kaka anapanda basi la alfajiri, kadi ya kliniki ya mama ya mwaka jana iko kwake Mwanza ina majibu ya figo, nimemwambia apige picha anitumie sasa hivi asisubiri kufika.